Alama 3 kati ya 45

Kila mwaka, mwanzoni mwa Julai, vijana wa nchi nyingi hufungua tovuti moja na kutafuta namba moja. Namba hiyo haivuki 45. Mwenye 24, akiwa ametimiza na masharti mengine, amefaulu. Mwenye 38 au 40 anaweza kubisha hodi kwenye vyuo vikuu vinavyochuja sana. Mwenye 45 kamili hupigwa picha na mkuu wa shule, kwani katika miaka ya kawaida wanaofika huko hawafiki hata mmoja katika kila mia. Wastani wa dunia nzima huelea karibu na 30. Hayo ni matokeo ya Diploma ya IB (International Baccalaureate), mpango wa kimataifa wa miaka 2 unaowaandaa wanafunzi wa umri wa miaka 16 hadi 19 kwa chuo kikuu, na kwa wazazi wengi namba hiyo ndiyo yote wanayoijua kuhusu mpango wenyewe.

Nimefundisha ndani ya mpango huu na kusimamia insha za wanafunzi wake kwa miaka kadhaa. Ninaupenda. Ndiyo maana nataka kuifungua namba hiyo mbele ya msomaji, maana kuna kitu kikubwa kimejificha ndani yake.

Masomo ni 6, na kila moja hupewa alama kuanzia 1 hadi 7. Hizo ni 42. Alama 3 zilizobaki hutoka kwenye mambo mawili yanayopimwa kwa pamoja: insha ya utafiti yenye maneno yasiyozidi 4,000, na somo la Nadharia ya Maarifa, ambalo wanafunzi hulijua kwa kifupi chake, TOK. Kisha kuna jambo la tatu, CAS, yaani ubunifu, shughuli za mwili na huduma kwa jamii. Hilo halina alama hata moja, ila asiyelikamilisha hapewi diploma, hata awe na 7 katika kila somo.

Insha, TOK na CAS ndivyo vinavyoitwa kiini cha mpango. Kwenye mchoro rasmi vimekaa karibu na katikati ya duara na masomo 6 yamevizunguka. Kwenye hesabu vimepewa alama 3. Nashikilia kwamba diploma hii imeipata heshima yake kutokana na hizo 3, na kwamba shule, wazazi na vyuo vikuu vimezoea kuishi kana kwamba zile 42 ndizo mpango mzima.

Kiini hicho hakikuwekwa pale kwa bahati. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilianzishwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani. Watoto hao walikua pamoja na kusoma pamoja, lakini walipokaribia kumaliza shule walitenganishwa. Huyu alitakiwa kujiandaa kwa mtihani wa Ufaransa, yule kwa wa Uingereza, mwingine kwa wa Uswisi, kwa kuwa kila chuo kikuu kilitambua cheti cha nchi yake. Darasa la kimataifa likavunjwa na pasipoti za wazazi. Katika miaka ya 1960 walimu wa shule hiyo, pamoja na wenzao wa shule nyingine za namna yake, wakaanza kutengeneza mtihani mmoja ambao vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vingeukubali. Shirika la IB lenyewe liliundwa Geneva mwaka 1968, na mitihani rasmi ya kwanza ikafanyika mwaka 1971.

Mkurugenzi mkuu wa kwanza, Alec Peterson, alitokea Oxford, na tayari alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na mfumo wa kwao. Uingereza humtaka kijana wa miaka 16 achague masomo 3 au 4 na kuyaaga mengine yote. Mpenda fizikia haandiki tena kuhusu riwaya. Mpenda historia hagusi tena hesabu. Ufaransa nako masomo yalikuwa mengi na mzigo wa kukariri ulikuwa mzito. Diploma mpya ikachukua njia ya katikati: masomo 3 kwa kina, yaani kiwango cha juu, yenye saa 240 za darasani kila moja, na masomo 3 kwa upana, yaani kiwango cha kawaida, yenye saa 150. Mwanafunzi husoma fasihi ya lugha anayoimudu zaidi, lugha nyingine, somo la jamii kama historia au uchumi, sayansi, hisabati, na la sita ni sanaa au somo jingine atakalochagua badala yake.

Hapo kwenye lugha nitatua kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mwanafunzi ambaye shule yake haina mwalimu wa lugha yake anaruhusiwa kuisomea fasihi ya lugha hiyo mwenyewe, kwa kiwango cha kawaida, shule ikimpa ratiba na msaada. Kiswahili kimo kati ya lugha zinazowezekana. Kijana anayesoma sayansi zote kwa Kiingereza au Kifaransa au Kihispania anaweza bado kuketi na mashairi ya lugha ya mama yake, akayachambua kwa ukali uleule anaoutumia kwenye kemia, na mtahini anayeijua lugha hiyo akamsahihisha. Nimewaona vijana waliokuwa wakiona haya kuisema lugha yao kwenye korido za shule wakiitetea kwa hoja ndani ya karatasi ya mtihani. Jambo hilo peke yake lingetosha kunifanya niuheshimu mpango huu.

Lakini masomo 6, hata yakipangwa kwa hekima kiasi gani, bado ni masomo tu. Mifumo mingine mingi ina masomo mazuri. Waasisi waliona kwamba mtu anaweza kurundika masomo 6 kichwani kama magunia ghalani, kila gunia na kona yake, asijue kamwe yanahusianaje wala nani aliamua kwamba kilichomo ni kweli. Ndipo kikaja kiini.

Nianze na insha. Mwanafunzi huchagua somo, huchagua mada ndani yake, kisha hutafuta swali. Hapo kwenye swali ndipo wengi hukwama kwa wiki nyingi, na kukwama huko ni sehemu ya kazi. Kijana huja na mada pana kama bahari: anataka kuandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi, au kuhusu ukoloni. Msimamizi humuuliza: wapi, lini, kwa ushahidi gani, na ukishapata jibu utajuaje kuwa ni jibu? Kwa kazi nzima msimamizi ana saa 3 hadi 5 tu za kukaa naye. Rasimu atakayoitolea maoni ni moja. Mwishoni wanakaa tena kwa mahojiano mafupi ya dakika 10 hadi 15, mwanafunzi aeleze alichokifanya na kilichomshinda. Kisha insha inatumwa kwa mtahini wa nje asiyemjua mwandishi wala shule yake, na inarudi na herufi, kuanzia A hadi E. Mwenye E hana diploma.

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alitaka kuonyesha kwamba rangi ya mwanga hubadilisha kasi ya mbegu kuota. Alipanga vikasha vyake vizuri, akapima kila siku kwa majuma 6, na mwisho wa yote matokeo yake hayakuonyesha chochote kinachoeleweka. Mbegu za mwanga mwekundu zilikuwa mbele wiki hii, nyuma wiki ijayo. Alikuja kwangu daftari likiwa kifuani. “Mwalimu,” akasema kwa sauti ya chini, “nikibadilisha namba mbili tu, grafu inakaa sawa.”

Nilimjibu kwamba namba ni zake na jina litakalokuwa juu ya insha ni lake, na nikamuuliza anadhani kwa nini mbegu zimekataa. Akanyamaza. Siku 3 baadaye alirudi akiwa amepima joto ndani ya kila kikasha, kitu ambacho hakuwa amekifikiria mwanzoni. Taa zake hazikutofautiana rangi tu. Zilitofautiana na joto pia. Kumbe majuma yote 6 alikuwa akipima vitu viwili kwa pamoja na kuviita kimoja. Insha aliyoiandika ikawa juu ya jaribio lililoshindwa na sababu za kushindwa kwake. Haikupata A. Lakini kijana yule aliingia chuo kikuu akiwa tayari anajua jambo ambalo watafiti wengine hulijua baada ya kuaibika hadharani.

Hakuna mtihani wa saa 2 unaoweza kumfundisha mtu hilo. Karatasi ya mtihani humpa mwanafunzi swali ambalo mtu mwingine ameshahakikisha kuwa lina jibu. Insha humwacha na swali ambalo huenda halina. Vyuo vikuu vimejaa vijana wenye alama za juu wanaoganda siku ya kwanza wanapoambiwa, “Tafuta mada yako mwenyewe.”

TOK nayo ina saa 100 kwenye ratiba. Swali lake ni moja, likigeuzwa huku na huku: tunajuaje tunachodai kukijua? Mwanahistoria akisema jambo lilitokea na mwanakemia akisema mmenyuko umetokea, je, wanatumia neno “kutokea” kwa maana ileile? Mwanahisabati akithibitisha nadharia hahitaji shahidi. Hakimu hawezi kuhukumu bila shahidi. Daktari hutibu kwa uwezekano. Mwanafunzi huandaa maonyesho ya vitu 3 halisi kutoka duniani, akieleza kwa maneno yasiyozidi 950 jinsi vinavyojibu swali moja kuhusu maarifa, kisha huandika insha ya maneno yasiyozidi 1,600 juu ya mada moja kati ya 6 zilizotolewa na shirika. Theluthi mbili za alama ya somo hutoka kwenye insha hiyo.

Katika mikono mizuri hili ni somo la kubadilisha maisha. Katika mikono mibaya ni saa ya mwisho ya Ijumaa, mwalimu aliyepewa kipindi kwa sababu tu ratiba yake ilikuwa na nafasi, na mjadala usio na kichwa unaoishia kwenye “kila mtu ana maoni yake.” Kauli hiyo ni kinyume kabisa cha kile TOK inachotaka kufundisha. Somo hili lipo ili kijana aweze kusema kwa nini madai fulani yana uzito kuliko mengine, na kusema hivyo bila kiburi. Nikitembelea shule ya IB, ratiba ya TOK ndiyo ninayoiomba kwanza. Saa inapowekwa, na nani anafundisha, hunieleza zaidi kuliko bango la wastani wa alama lililo getini.

CAS ndiyo iliyoumizwa zaidi. Asili yake iko katika fikra za Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyehamia Uingereza, na chuo cha Atlantic kilichofunguliwa Wales mwaka 1962, moja ya shule za mwanzo kabisa kuupokea mpango huu. Chuo kile kiko ufukweni, na huduma ya wanafunzi wake ilikuwa uokoaji wa baharini. Mashua za wakati ule hazikuwafaa kwenye mawimbi na miamba ya pwani ile, basi wakiongozwa na mkuu wa shule, Desmond Hoare, wakaanza kujaribu kuunganisha sehemu ya chini iliyo ngumu na pembe zilizojazwa hewa. Kutokana na majaribio hayo ya miaka ya 1960 ikazaliwa aina ya mashua ambayo leo inatumiwa na waokoaji na majeshi ya majini duniani kote. Vijana wa sekondari walishiriki kuiunda kwa sababu palikuwa na watu wa kuokolewa kweli, na mashua iliyokuwepo haikutosha.

Weka kisa hicho kando ya CAS ya shule nyingi za leo. Miezi 18 ya kukusanya picha, sahihi na aya za “nilichojifunza.” Ziara ya siku moja kwenye kituo cha watoto yatima, kamera mbele, zawadi nyuma, na watoto wasioulizwa kama wanataka kuwa sehemu ya jalada la mtu. Miongozo yenyewe haitaki hivyo. Inataka mradi wa pamoja unaodumu walau mwezi mmoja, na huduma inayoanzia kwenye hitaji halisi na kufanywa pamoja na wenye hitaji. Tatizo ni kwamba shule iliyobanwa na mitihani huona kitu kisicho na alama kama kodi ya kulipwa haraka iwezekanavyo.

Wapo wanaosema dawa ni rahisi: kipe kiini alama nyingi zaidi, 10 au 15, na kila mtu atakiheshimu. Niliwahi kuwaza hivyo. Sasa napinga. Siku CAS itakapokuwa na alama 5, siku hiyohiyo atatokea mwalimu wa ziada wa kuuza miradi ya huduma iliyokamilika, picha na yote. Insha ikipewa alama 10, soko la kuandikiwa insha, ambalo lipo tayari, litapanuka maradufu. Kuna vitu ambavyo ukiviwekea bei kubwa unawaita wezi. Waasisi walikuwa sahihi kuviweka kama masharti ya lazima yenye malipo madogo. Kosa ni letu tuliosoma malipo madogo kama thamani ndogo.

Na uthibitisho wa hatari ya kuabudu namba ulikuja mwaka 2020. Mitihani ya Mei ilifutwa kwa sababu ya janga la korona. Zaidi ya wanafunzi 170,000 walikuwa wakisubiri matokeo. Shirika likaamua kukokotoa alama kutokana na vitu 3: kazi zilizokwisha kufanywa na wanafunzi, makadirio ya walimu wao, na historia ya matokeo ya shule. Hicho cha tatu ndicho kilichowaka moto. Kijana aliyefanya kazi yake vizuri katika shule ambayo watangulizi wake hawakufanya vizuri alijikuta akibeba alama za watu asiowahi kuwaona. Malalamiko yalitanda nchi nyingi, mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ya Norway ikaingilia kati, na mwezi Agosti shirika likapitia upya na kurekebisha matokeo ya wengi.

Jambo lililonigusa wakati ule ni hili. Mitihani ilipotoweka, kitu pekee kilichobaki ambacho kilikuwa cha mwanafunzi mwenyewe kwa jasho lake kilikuwa ni kazi alizozifanya kwa miezi: ripoti za maabara, uchunguzi wa hisabati, insha ndefu. Makadirio yalikuwa ya mwalimu. Historia ilikuwa ya shule. Kazi ilikuwa yake. Kwa kawaida sehemu hiyo hubeba kama asilimia 20 tu ya alama katika masomo mengi kama sayansi na hisabati, na ndiyo iliyosimama.

Mwaka 2024 tukaona sura nyingine ya ugonjwa uleule. Mtihani hufanyika kwa kanda za saa, kwa hiyo wa mashariki humaliza wakati wa magharibi hawajaamka. Maswali ya hisabati yakasambazwa mtandaoni na waliokwisha kuufanya, wenzao wa kanda nyingine wakayasoma kabla ya kuingia chumbani. Nasikitika zaidi ninapokumbuka kwamba uadilifu ni moja ya sifa 10 ambazo mpango huu unasema unazilea. Umoja wa vijana wa dunia, ambao waasisi waliuota kule Geneva, ulitumika kuvujisha mtihani.

Akili mnemba imeongeza ugumu. Mwaka 2023 shirika lilitangaza kwamba halitaipiga marufuku. Mwanafunzi anayeitumia aitaje kama anavyotaja chanzo kingine chochote, na asiiwasilishe kama kazi yake. Nakubaliana na uamuzi huo, kwa sharti moja: mahojiano yale ya dakika 15 yaheshimiwe. Mashine inaweza kukuandikia maneno 4,000. Haiwezi kukaa kitini mbele ya msimamizi aliyekufuatilia mwaka mzima na kueleza kwa nini mwezi Machi uliachana na swali lako la kwanza. Shule inayofanya mahojiano hayo kwenye korido, kwa dakika 3, imejinyang’anya kinga yake iliyo bora.

Sasa nije kwenye lawama ninayoisikia zaidi, kwamba huu ni mpango wa matajiri. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Shule hulipa ada ya mwaka kwa shirika inayozidi dola 10,000 za Marekani, kila somo la mtihani hulipiwa zaidi ya dola 100, na bado walimu wanapaswa kupelekwa mafunzoni. Shule binafsi humwachia mzazi mzigo huo. Lakini shule nyingi za IB duniani ni za serikali, na Marekani, yenye shule nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, sehemu kubwa ya hizo ni za umma. Ecuador iliamua mwaka 2006 kuuingiza mpango huu katika shule zake za serikali. Japani iliweka lengo la shule 200 na ikakubaliana na shirika kwamba baadhi ya masomo yafundishwe na kutahiniwa kwa Kijapani.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jiji hilo liliupeleka mpango huu katika shule za sekondari za mitaa ya kawaida, ambako wanafunzi wengi walikuwa weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, kutoka familia zenye kipato cha chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wakawafuatilia, na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona: wanafunzi hao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia chuo kikuu cha miaka 4, na wa kubaki humo, kuliko wenzao waliofanana nao kwa mambo mengine. Walipohojiwa walisema wamejiona imara katika uandishi wa kuchambua na katika tabia ya kufanya kazi. Hawakusema wamejiona imara katika kukumbuka.

Hiyo ni nguvu ya kiini, ikiwa katika mikono ya watoto ambao hakuna aliyewatarajia. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba insha ndefu na TOK ni anasa za shule zenye bustani na bwawa la kuogelea, ninakataa. Mtoto wa tajiri atafundishwa kuhoji hata nyumbani, mezani, na mjomba aliye profesa. Yule asiye na mjomba wa namna hiyo ndiye anayezihitaji zile saa 100.

Hata hivyo sitaupendekeza mpango huu kwa kila mtu. Mzigo ni mzito: ukijumlisha saa za masomo 6 na TOK unapata 1,270 za darasani, kabla ya insha, kabla ya CAS, kabla ya kazi za nyumbani. Nimewaona wanafunzi wakisinzia wima. Kijana aliyekwisha kuijua njia yake, anayetaka kuzama katika hisabati na fizikia tu, huenda akafurahia zaidi mfumo wa masomo 3, na hakuna ubaya. Shule nyingi humruhusu mwanafunzi kuchukua masomo machache ya IB bila diploma kamili, na tangu mwaka 2012 upo pia mpango unaounganisha masomo ya IB na ya ufundi au taaluma. Mzazi anayemlazimisha mtoto abebe diploma nzima kwa ajili ya jina tu anamkosea. Mtoto huyo atapunja usingizi, kisha atapunja insha, kisha CAS, na atabaki na kile ambacho angekipata popote.

Vyuo vikuu navyo vina sehemu yao katika lawama. Vya Uingereza hutoa nafasi kwa jumla ya alama na kwa alama za masomo ya kiwango cha juu. Cambridge kwa kawaida hutaka 40 na kitu, pamoja na 7, 7 na 6 katika yale masomo 3. Vya Marekani vingi hupunguza kozi kwa aliyefanya vizuri kwenye kiwango cha juu, na kiini kwa kawaida hakimpunguzii chochote. Mwanafunzi mwerevu hupiga hesabu haraka: saa 40 za insha kwa sehemu ya alama 3, au saa 40 za ziada kwa kemia ambayo chuo kimeitaja kwa jina? Simlaumu akichagua kemia. Amesoma tangazo walilomwekea watu wazima.

Maofisa wa udahili wanalalamika kila mwaka kwamba wanafunzi wapya hawajui kuandika, hawajui kuuliza, hawajui kutaja vyanzo. Na wakati huohuo mbele yao kuna waombaji ambao kila mmoja ana utafiti wa maneno 4,000 kwenye kompyuta yake, na msimamizi anayeweza kueleza kwa aya moja jinsi ulivyofanyika. Wangeuomba. Wangeuliza kuhusu utafiti huo kwenye usaili badala ya kumpa kijana fumbo la kubuni. Na matokeo yakishatoka, herufi ya insha na herufi ya TOK zote zimechapishwa kwenye karatasi ileile ya matokeo, chini kidogo ya zile namba 6.